Sekunde Kumi na Mbili

Siwezi kukaa ndani ya gari iliyosimama huku mshale wa spidi unapanda. Juzi fundi mmoja hapa Kamembe aliinua gari yangu kwa jeki, magurudumu ya mbele yakabaki hewani, akaniambia, "Maman, kaa kwa usukani, kanyaga mafuta kidogo, uniambie mushale unasema ngapi." Nikakaa, nikakanyaga. Mshale ukatoka kwenye sifuri, ukafika ishirini, ukafika arobaini, na nje ya dirisha yule mama muuza ndizi alikuwa palepale na ndizi zake palepale. Harufu ya raba iliyopata moto ikanipanda puani. Kabla ya kufika sitini nilikuwa nimeshazima, nimeshashuka, natembea kando ya barabara sijui mikono niiweke wapi. Fundi akatoka chini ya gari akiniangalia. Nikamwambia nimeshikwa na njaa. Uongo. Mimi ni mwepesi wa uongo mdogo mdogo, na nitawaambia nilianzia wapi.

Ninyi wa rika langu mnazikumbuka gari za Kamembe za wakati ule: mlango unafungwa kwa waya, kiti cha nyuma kimefunikwa kwa kipande cha kitenge, lakini shoferi kavaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Papa alikuwa wa aina hiyo. Alikuwa Mnyarwanda aliyelelewa Bukavu, akarudi huku na mke, watoto watatu na leseni, na leseni ndiyo iliyotulisha. Aliendesha gari ya Maman Riziki, mjane wa Bukavu aliyefanya biashara ya mayai. Waliyachukua mayai kwa wafugaji wa upande wa Nyakabuye, wakayapandisha mpaka mjini, kisha yakashuka Rusizi ya Kwanza, pale mpakani, kuvushwa kwenda Bukavu, ng'ambo. Gari ile marehemu mumewe ndiye aliyemwachia. Asubuhi kabla ya kupanda Maman Riziki alikuwa anaigusa boneti kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa.

Kila jioni ufunguo wa gari ulilala kwetu, kwenye msumari karibu na mlango. Nilikuwa na miaka tisa, na kila asubuhi kabla ya kunawa uso niliuangalia. Msumari ukiwa na kitu, basi sisi tulikuwa watu. Mama alikopeshwa sukari bila maneno kwa sababu ya ule ufunguo, na shuleni niliitwa mtoto wa shoferi, nikaitika kwa raha zote.

Shida ilianza gari ilipobadilishwa giaboksi. Ile ya zamani ilikufa, ikafungwa nyingine iliyotoka kwenye gari ya aina tofauti. Haikupita wiki mbili, polisi wakamsimamisha Papa kule chini kwenye tambarare. Wakamwonyesha kile kimashine chao: unapita sabini. Papa akaapa kwamba mshale ulikuwa kwenye sitini. Siku chache baadaye wakamsimamisha tena, palepale, maneno yaleyale. Halafu siku moja mayai yakafika mjini nusu yamepasuka, ute unachuruzika mpaka kwenye bampa, na Maman Riziki akasimama katikati ya watu wa parkingi, mikono kiunoni.

"Papa Neema, gari yangu unaikimbiza."

"Maman, mushale unasema makumi sita."

"Polisi banasema bongo? Mayai yanasema bongo?" Bongo, kwa Kiswahili cha Bukavu, ni uongo. Hakupaza sauti, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko kama angepaza. "Mi niko na ile gari moja tu. Ukiipindua, mi nakufa na batoto yangu. Onesha kama mushale uko mubovu, nitakuomba musamaha hapa hapa mbele ya bantu. Kama ni muzima, unanipa ufunguo."

Neema ni mimi. Nilikuwa nimesimama pale na begi langu la shule, na neno nililobaki nalo kichwani ni ufunguo.

Papa alikwenda kwanza kwa Mzee Simeoni, fundi wetu wa siku zote, akaenda na mimi. Mzee akaipandisha gari kwenye jeki, akaniweka mimi kwenye usukani kwa kuwa nilikuwa mwepesi na nilikuwa nawasumbua, akaiwasha mwenyewe kupitia mlangoni na kukandamiza pedali kwa mkono. Magurudumu yakazunguka hewani, mshale ukapanda. Lo, nilivyofurahi. Nilikuwa nakwenda sitini bila kusogea hata hatua moja.

"Inafanya kazi," Mzee akasema.

"Kufanya kazi inafanya," Papa akajibu. "Mi nauliza kama inasema kweli."

Mzee akajipangusa mikono akamweleza. Gari za zamani zilikuwa na kamba ya chuma inayotoka kwenye giaboksi mpaka kwenye mshale. Hii ni ya kielektroniki, haina kamba. Huku chini kuna sensa inayohesabu meno ya gia yanapopita, inapeleka hesabu kwa waya, na dashibodi inaigeuza kuwa spidi. Sasa giaboksi ni ya gari moja na dashibodi ni ya gari nyingine. Moja inahesabu kivyake, nyingine inasoma kivyake. "Huenda banasikilizana, huenda habasikilizane," alisema. "Mi hapa sina mashine ya kujua. Barabara njo itasema."

Akampa Papa njia. Kule kwenye tambarare ya Bugarama barabara imenyooka, na kando yake kuna mawe ya kilomita. Ushike mshale kwenye sitini, usiuachie upande wala ushuke. Mtu mwingine ahesabu muda kutoka jiwe hadi jiwe. Kama mshale ni mzima, itachukua sekunde sitini kamili.

Wiki nzima Papa alilirudia hilo nyumbani. Alikuwa anakula nusu sahani anasimama, anatoka mpaka uani, anarudi, anakaa, anasimama tena. "Mushale makumi sita, jiwe mpaka jiwe segonde makumi sita," alikuwa anasema, peke yake au kwa Mama. Hakuna aliyeketi kunieleza mimi. Na mimi sikuuliza, kwa sababu nilidhani nimeelewa vizuri kuliko wote.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa hesabu mwenye kalamu nyekundu. Kwake jibu lilikuwa moja. Ukiandika lile, unapata alama. Ukiandika jingine lolote, unarudi nyumbani na wekundu kwenye daftari. Muhula ule mimi nilirudi na wekundu mwingi. Basi kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi: Jumapili gari yetu itafanya mtihani, jibu ni sitini, na Papa hatulii kwa sababu anaogopa gari itakosea. Kwamba Papa alikuwa anaomba gari ikosee, kwamba kukosea kwake ndiko kungetuachia ufunguo wetu msumarini, hilo halikunipitia hata kidogo.

Jumapili tulitoka kanisani tukapanda. Maman Riziki alikuwa bado na kitenge chake cha ibada na kilemba, akakaa nyuma katikati, shingo kaichomoza mbele baina ya viti viwili ili auone mshale. Papa alitaka Mzee Simeoni ahesabu. Maman Riziki akakataa, akasema Simeoni ni mtu wake Papa. Papa akamwambia basi ahesabu yeye mwenyewe.

"Mi nitaangalia mushale. Usinifanyie michezo na muguu." Akatoa simu yake kwenye pochi, akatafuta ile saa ya kupimia mbio, kisha akaniangalia mimi niliyekaa kiti cha mbele. "Mutoto njo atafinya. Batoto habasemake bongo."

Papa akatabasamu, mara ya kwanza wiki ile. "Neema anajua hesabu," alisema. Alisema kwa majivuno kabisa, mimi mwenye daftari jekundu.

Sheria ilikuwa moja: hakuna kusema. Maman Riziki hakutaka Papa anisaidie hata kwa kukohoa. Jiwe la kwanza nibonyeze, jiwe la pili nibonyeze, nisitoe sauti.

Tukashuka kutoka milimani, kona baada ya kona, hewa ikawa nzito na ya moto, halafu mashamba ya mpunga yakafunguka pande zote mbili. Niliishika simu kwa mikono miwili, viganja vimelowa jasho. Papa akaupandisha mshale taratibu mpaka sitini ukatulia. Jiwe la kwanza likaja, nikabonyeza. Tarakimu zikaanza kukimbia. Nilimwona Papa kwa pembe ya jicho: macho mbele, na midomo inatikisika kidogo kidogo bila sauti. Nikasema moyoni, Papa anasali. Na mimi nikasali.

Arobaini na moja, arobaini na mbili. Jiwe la pili nililiona mbali, jeupe. Nikaangalia simu, nikaangalia jiwe, nikaona mapema kabisa kwamba halitangoja. Lilipita ubavuni mwangu simu ikisema arobaini na nane.

Kidole gumba kilikuwa juu ya kioo. Hakikushuka. Ninakumbuka joto lililonipanda shingoni, na ule wekundu wa daftari. Hata hamsini haijafika. Gari yetu ilikuwa imeanguka mtihani, na aliyejua ni mimi peke yangu. Nikautuliza uso wangu, nikaangalia mpunga kama mtu asiye na habari. Hamsini na mbili. Kundi la ndege likaruka. Hamsini na saba. Sitini, nikabonyeza.

Papa aliegesha kando. Maman Riziki akaichukua simu, akaiangalia, akamwangalia Papa. "Makumi sita," alisema.

Papa hakuiangalia simu. Aligeuka akaniangalia mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamchekea kwa meno yangu yote na yale mapengo, kwa sababu nilikuwa nimemwokoa.

Akashika tena usukani. "Turudilie," akasema. "Ile ya kurudi."

Tukageuza, tukarudia ile kilomita kwa upande mwingine. Jiwe lilipita kwenye arobaini na tisa. Safari hii nilikuwa fundi wa uongo: nikawaza kwamba sitini mara mbili itazua maswali, nikabonyeza kwenye sitini na moja. Nilijisifu kwa akili ile. Hata leo, nikiikumbuka ile sitini na moja, huwa nasimama mahali nilipokaa.

"Mushale ni muzima," Maman Riziki akasema. Hakusema kwa furaha. Alijiegemeza nyuma, akakivuta kitenge chake magotini. "Papa Neema, mi nilitaka iwe mubovu. Kweli ya Mungu. Sasa nitasema nini? Kama mushale ni muzima, basi muongo ni wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Si polepole, nilielewa yote kwa mara moja, ufunguo, msumari, Mama, kutembeatembea kwa Papa uani. Nikafungua kinywa. Papa alikuwa ameshawasha gari. Nikajiambia, tukifika kwenye ile kona ya kwanza ya kupanda, nitasema. Kona ikapita. Nikajiambia ile penye daraja. Daraja likapita. Kila kona ilifanya neno liwe zito zaidi, maana sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini sikusema kwenye kona iliyopita. Na yule maman alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi zake, yeye aliyesema batoto habasemake bongo.

Papa alituendesha taratibu mpaka mjini. Alipozima, akautoa ufunguo wa gari kwenye pete, ukabaki wa nyumba yetu peke yake, akampa Maman Riziki kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa. Kisha akanishika mkono tukapanda nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nalia. Akaniambia, "Nyamaza, mama yangu. Umehesabu muzuri." Nikalia zaidi.

Baada ya hapo hakuna mwenye gari aliyempa Papa kazi. Kamembe ni ndogo, habari hutembea. Akaenda kubeba mizigo pale Rusizi ya Kwanza. Shati lililopigwa pasi likakaa kabatini, begani akaweka gunia lililokunjwa, na baada ya muda bega lile likashuka kuliko lingine. Sisi watoto tukabadilishwa shule. Mama hakuwahi kumlaumu mbele yetu, ila aliung'oa ule msumari, alisema unachana nguo.

Gari ilipewa kijana mmoja, Bosco. Siku moja natoka shule nikamwona Papa, na gunia lake begani, kainama kwenye dirisha la ile gari, anaongea na Bosco kwa muda mrefu, anamnyooshea kidole kwenye dashibodi. Nikajificha nyuma ya wauza mikate. Nilidhani anamwomba kijana mdogo namna ile amwombee kwa Maman Riziki arudishiwe kazi. Niliona haya, halafu nikaona haya kwa kuona haya. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kuanzia hapo Bosco akawa anasifiwa mji mzima. Polisi hawakumsimamisha hata mara moja, mayai yakawa yanafika mazima, na Maman Riziki akawa anasema kwa kila mtu, "Sasa nimepata shoferi mutulivu." Nilimchukia Bosco miaka mingi kwa utulivu wake.

Nimekua hivi mnavyoniona. Nikipanda gari ya mtu nahesabu kutoka jiwe hadi jiwe, hata mtu akiniongelesha. Kazi nimebadilisha mara nne, nyumba sijui ngapi. Mume wangu anasema nikikaa dakika kumi mahali pamoja atafanya sherehe. Ile habari sikumwambia yeye, wala Mama mpaka anazikwa. Nilikuwa nimeipanga mara elfu, na kila nikifika kwa Papa naulizia mahindi yake.

Juzi, basi, sikumngoja yule fundi amalize. Nilimwachia gari hewani, nikachukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka Gitambi, ambako Papa anaishi sasa na shamba lake dogo. Nilimkuta mlangoni kaketi kwenye mkeka, anamenya maharage, ungo magotini. Aliniona ninavyokuja.

"Karibu. Kaa."

"Siwezi kukaa, Papa."

"Wewe haukaake. Toka zamani." Akaendelea kumenya. Nikaenda mpaka kwenye migomba, nikarudi. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka vilevile, shati limeinama upande. Nikaenda tena, nikarudi.

"Papa," nikasema, "ile siku ya mawe, kule Bugarama."

Hakuinua kichwa. Akapasua ganda, akaangushia maharage kwenye ungo.

"Makumi ine na munane," alisema.

Nilisimama. Sikuwahi kumtajia mtu yeyote duniani ile arobaini na nane.

"Na ya kurudi, makumi ine na tisa. Ulikuwa unafikiri nalala?" Midomo yake ikatikisika kidogo, vilevile kama siku ile, na nikajua kwamba siku ile hakuwa anasali.

"Ulijua," nikasema. "Papa, ulijua."

"Shoferi anajuaka gari yake."

"Na Bosco? Siku ile ulikuwa dirishani kwake."

"Nilimwambia asipitishe mushale kwa makumi ine na tano. Ningeacha muntu akufe?"

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema. Nilimwuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyebonyeza. Kwa nini alibeba magunia ya watu miaka yote ile, kwa nini aliitwa muongo mbele ya parkingi nzima, na neno moja tu lingetosha, aseme mtoto amechelewa kufinya, wangerudia mara ya tatu na mtu mwingine.

Papa akauweka ungo chini. Akaniangalia kama alivyoniangalia kule, nilipomchekea.

"Yule maman alishasema batoto habasemake bongo," alisema. "Mi niseme wangu njo anasemaka bongo? Mbele yake, na wewe unanichekea vile?" Akatikisa kichwa. "Gari ilikuwa yake. Mutoto alikuwa wangu."

Kisha akausogeza ungo, akapangusa mkeka kwa kiganja, upande wa lile bega lililoshuka.

"Kaa sasa," alisema. "Maharage ni mingi."

Nikakaa.